Karatasi Nilizozikusanya Kwanza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nitaikumbuka hata nitakapokuwa nimesahau njia ya kwenda chooni. Ilikuwa kiangazi, miaka ile ya hamsini, kabla bendera haijabadilika, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, karani wa namba kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Nimeikumbuka tena juzi niliposoma barua yako. Unaniambia kwamba hapo Nkome, kwenye zamu zako za uuguzi, wagonjwa wakishatulia unafungua daftari na kuandika riwaya yako, kisha unaniuliza, "Baba Mkubwa, nifanyeje niandike kitabu kazini bila kuiharibu kazi wala kitabu?"

Umemuuliza anayejua. Ukoo mzima unajua kwamba kitabu changu nilikiandika mgodini, na wengine hujisifia jambo hilo kwenye misiba na harusi kana kwamba walinishikia kalamu. Wasichojua ni jinsi nilivyokiandika, na ni nani aliyeumia. Marehemu baba yako nilimsimulia nusu tu. Wewe ni binti yake, na kwa hiyo ni mwanangu, basi nitakupa yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sina tena miaka ya kuficha.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi. Kila mchimbaji alikuwa na kipande cha shaba cha duara kilichochongwa namba yake. Akitaka kushuka shimoni, alipita dirishani kwenye kibanda changu, akanikabidhi namba, nami nikaitundika kwenye ubao wenye misumari. Akipanda, alirudishiwa. Saa tisa alasiri zamu ilipoisha, baruti zililipuliwa huko chini kwa waya, ili vumbi na moshi viwe vimetulia kabla watu hawajashuka tena kesho yake. Kabla ya kulipua, nyapara alikuja dirishani akauliza neno moja tu, "Ubao?" Nami niliitazama misumari. Kama yote haikuwa na kitu nilijibu, "Mtupu." Hakuna aliyeita majina, hakuna aliyechungulia shimoni. Mgodi mzima uliuamini ubao, na ubao ulikuwa mimi.

Sasa fikiria mwenyewe. Asubuhi saa moja watu wanashuka, unatundika namba zao, na mpaka saa tisa, ukiacha wale wanaopanda kula mchana, huna la kufanya ila kufukuza nzi. Siku hizo hatukusema riwaya, tulisema kitabu cha hadithi. Cha kwangu kilimhusu kijana mmoja aitwaye Nkwabi, anayetembea nchi nzima ya Usukuma kutafuta ng'ombe wa baba yake walioibwa. Niliona Mungu amenipa ofisi ya kuandikia.

Nilikuwa na hila zangu, na baadhi bado nakuruhusu uzitumie. Nilikata karatasi kuukuu za zamu kwa kipimo cha daftari la kazi, ili mtu akipita adhani najaza daftari. Asubuhi, wakati foleni ni ndefu, nilitunga sentensi ya kwanza kichwani, na mtu wa mwisho aliposhuka sentensi ilitoka ikiwa ya moto. Tena sikumaliza siku kwa kumpumzisha Nkwabi. Nilimwacha ameinua mguu, ili kesho nijue pa kuuweka. Bandu bandu huisha gogo. Nusu ukurasa leo, nusu kesho, hata kufikia kiangazi kile nilikuwa na karatasi zaidi ya mia moja, za miaka mitatu.

Lakini ilikuwapo hila moja niliyojivunia kuliko zote, nayo ndiyo iliyoniumbua. Nilijifunza kupokea namba kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiandika. Sikuhitaji kuinua kichwa. Mkono ulikwenda dirishani, ukapokea, ukatundika, ukarudi. Mshika mbili moja humponyoka. Maneno hayo niliyasikia tangu utotoni, nikidhani yalisemwa kwa ajili ya wazembe.

Msomaji wangu wa kwanza hakujua kusoma. Aliitwa Mzee Luhende, mtu wa Samuye kama sisi, fundi wa magogo ya kuegemeza dari za mgodi ili zisianguke. Mchana alipopanda kula, aliketi kwenye kivuli cha kibanda changu nami nikamsomea. Alikuwa msikilizaji mgumu. Nkwabi akinywesha ng'ombe mahali pasipo na maji wakati huo wa mwaka, aliniambia. Nilipoandika kwamba fahali mweusi alitambulikana gizani kwa rangi yake, aliniuliza nimechunga ng'ombe wa nani. Nami nilisahihisha nikinuna, kwa sababu alikuwa na haki kila mara. Siku moja, akiwa anajisafisha meno kwa kijiti, aliniambia hivi: "Nsumba, ukiandika unakuwa haupo. Angalia." Nsumba kwa Kisukuma ni kijana. Nilicheka, nikalipokea neno lile kama sifa.

Siku yenyewe ulivuma upepo wa kisulisuli tangu asubuhi, ule unaobeba vumbi jekundu na kulitia mpaka kwenye ugali. Nilikuwa na mawe mawili ya kukandamizia karatasi, na yote mawili yalikuwa na kazi. Nilikuwa nimefika mahali pazuri kuliko pote katika kitabu. Nkwabi amekwenda kuposa, na katika zizi la mkwewe mtarajiwa anawaona ng'ombe wa baba yake. Miaka mitatu nilikuwa nikimwelekeza kwenye zizi lile.

Saa nane na robo hivi Mzee Luhende akaja dirishani. Alikuwa amepanda mchana kula na namba yake alikuwa nayo. Aliniambia amesahau tezo lake la kuchongea katika njia ya chini, ile ya pili shimoni, na kwamba kuna gogo moja halimpendezi, ataligonga kabari mara moja. Winchi ilikuwa inapandisha mawe, kwa hiyo alisema atashuka kwa ngazi.

"Sikawii, nsumba," alisema.

Nilimjibu, "Haya." Mkono wangu wa kushoto ulikwenda, ukapokea shaba, bado ina joto la kiganja chake. Wakati uleule upepo ukainua ukurasa niliokuwa nauandika. Nikaikandamiza karatasi kwa ile namba. Nikajiambia, nimalize kwanza sentensi hii, kisha nitaitundika.

Naikumbuka sentensi ile. Ilisema, "Nkwabi alijua ng'ombe wale ni wa baba yake, maana..." Baada ya "maana" nilitafuta sababu. Nilipoipata ilileta nyingine, na hiyo ikaleta mkwe, na mkwe akaanza kusema. Ukurasa ukajaa. Nikaweka mwingine juu yake.

Saa tisa ilipokaribia, kizimba cha winchi kilianza kupandisha watu, dirisha langu likajaa mikono. Nilirudisha namba moja baada ya nyingine kwa furaha, kwa sababu sura ilikuwa imekwenda vizuri na nilitamani kumsomea Mzee Luhende kesho yake. Nilimuwaza, mwanangu. Nilimuwaza yeye mwenyewe, wala sikukumbuka kwamba yuko chini.

Nyapara wetu alikuwa Sefu, mtu wa Tanga, mswalihina, mpole kwa kila kitu isipokuwa baruti. Alikuja, akasimama, akauliza, "Ubao?"

Niliitazama misumari kwa macho yangu mawili. "Mtupu."

Akaenda zake kwenye kisanduku cha kulipulia, hatua kama mia mbili kutoka kwangu, nyuma ya ukuta mfupi wa mawe. Honi ya kwanza ikalia. Desturi ilikuwa honi tatu, na kati ya moja na nyingine ungeweza kusali Baba Yetu mara mbili bila haraka. Baada ya ya tatu, ufunguo ulizungushwa.

Nilianza kukusanya karatasi zangu ili nizifiche. Nilipoinua ule ukurasa wa chini, kitu kikateleza, kikagonga meza. Arobaini na saba. Nilijua ni namba ya nani kabla sijaisoma.

Nje ya kibanda changu, hatua kumi tu, kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa, na nyundo pembeni. Reli ile ikigongwa, kila kitu mgodini husimama. Ndiyo kazi yake, na wakati ule ulikuwa ndio wa kuigonga. Honi ilikuwa imenyamaza. Sefu angeisikia kama anavyosikia adhana.

Lakini reli ikigongwa, Bwana Mkubwa, Mzungu mwenye kuusimamia mgodi, hutoka mwenyewe ofisini na kumwendea aliyeigonga. Angeingia kibandani kwangu. Angeziona karatasi za kampuni, zaidi ya mia moja, zimejaa hadithi ya ng'ombe. Karata za mwendesha winchi, aliyemkuta akicheza kazini, alikuwa amekwisha kuzitia kwenye tanuri mbele ya macho yetu. Niliiona miaka yangu mitatu ikiwaka.

Nilikusanya karatasi kwanza, mwanangu.

Hiyo ndiyo nusu ambayo baba yako hakuisikia. Sikuganda kwa hofu, wala sikuchanganyikiwa. Nilijua mtu yuko chini, nilijua jina lake, na nilikuwa nikikusanya karatasi. Nilizipanga hata pembe zake zikalingana. Upepo ukachukua mbili, moja ikaingia chini ya meza, nami nikapiga magoti kuifuata. Nikiwa bado nimepiga magoti, honi ya pili ikalia. Nikazitia zote ndani ya shati, nikafunga vifungo mpaka cha juu, ndipo nikatoka mbio.

Nilipoinua nyundo, honi ya tatu ikaanza. Honi ile ilimeza kila sauti. Niligonga reli kwa nguvu zote, na hata mimi mwenyewe sikuisikia. Nilimwona Sefu kwa mbali, amenipa mgongo, ameinama. Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma. Honi ikanyamaza, nikagonga tena, na papo hapo nikahisi ardhi inatikisika chini ya miguu yangu.

Kulikuwa na funguo mbili, moja ya njia ya juu na moja ya njia ya chini. Ya juu alikuwa ameizungusha. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ya pili alipoisikia reli, akauondoa kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Alikuja mbio akaniuliza ni nani. Nikamwambia, Mzee Luhende, yuko njia ya chini. Sefu akaketi pale pale vumbini, mtu ambaye sikupata kumwona ameketi kazini, akawa anataja jina la Mungu polepole. Moshi ulikuwa unatoka shimoni. Sheria ilikuwa kwamba mtu asishuke mpaka moshi upungue, kwa sababu moshi ule unaua bila kugusa. Basi tukasimama tukiutazama.

Reli ikigongwa, wanawake wa kambini hukimbilia shimoni hata kama hawajaitwa. Walikuja na kanga zimewaanguka, wengine na unga mikononi. Mama Shija, mke wa Mzee Luhende, alipita katikati ya wanaume wote akaja moja kwa moja kwangu. Alijua kwamba habari iko kwa karani.

"Baba Shija umemrudishia namba yake?" aliniuliza.

Alikuwa ametulia kabisa, kwa sababu alitegemea jibu moja. Namba arobaini na saba ilikuwa kwenye ngumi yangu. Nikivuta pumzi, karatasi zilichakarika ndani ya shati, nami nikaogopa asizisikie. Nilitikisa kichwa. Mama Shija aliweka mikono yote miwili kichwani akaanza kulia kwa sauti ya chini, na sauti ile, nakwambia kweli, hunijia mpaka leo nikiona mtu anafunga vifungo vya shati mpaka cha juu.

Sijui tulisimama muda gani. Ninachojua ni kwamba moshi ulipoanza kupungua mkono ulitokea kwenye ngazi, mweupe kwa vumbi, ukashika ukingo. Kisha kichwa. Mzee Luhende alipanda mwenyewe, tezo lake begani, damu ikimtoka sikio la kushoto mpaka shingoni. Alikuwa njia ya chini akiiendea ngazi wakati upepo wa mlipuko wa juu uliposhuka ukambwaga ukutani. Kama Sefu angezungusha ufunguo wa pili, hata cha kuzika tusingepata.

Bwana Mkubwa aliuliza imekuwaje. Nilisema namba ilichomoka msumarini ikaanguka. Akaukagua ubao, akaamuru misumari mirefu zaidi. Watu wakanipongeza kwa kuigonga reli, wakasema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, mwanangu. Kinga yake nilikuwa mimi, na nilikuwa chini ya meza. Mzee Luhende peke yake hakusema kitu. Alikuwa ameiweka namba ile mkononi mwangu, alijua haikupata kuuona msumari.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwake kambini, na karatasi zangu zote kwapani. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, akanigeuzia sikio la kulia, ndipo nilipojua kwamba la kushoto limekufa. Nilimweleza habari ya upepo na ukurasa, na jinsi nilivyoikandamiza karatasi kwa namba yake. Hapo nikakomea. Habari ya kukusanya sikuisema. Kisha nikainuka kwenda mafigani kwa Mama Shija ili nizichome karatasi mbele yao, nikidhani hiyo ndiyo toba.

"Karatasi zimekosa nini?" Mzee Luhende aliniuliza. Nikarudi. Akanionyesha kigoda niketi upande wake wa kulia, akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema. "Mimi nachonga magogo huku naimba, nsumba, na hakuna aliyekufa kwa nyimbo zangu. Kuandika si kosa. Kosa lako ni kwamba nilikuja dirishani, ukaipokea shaba, mimi hukunipokea. Hukuinua macho. Ungeniangalia usoni hata kidogo, ungekumbuka kwamba nimeshuka."

Akaendelea, "Kesho utamweleza nyapara ukweli. Kisha utaendelea kuandika. Ukiacha, sikio langu litakuwa limekwenda bure."

Nilimweleza Sefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ameshukuru, akaniondoa kibandani siku hiyohiyo. Nikapelekwa shimoni kusukuma matoroli ya mawe. Kila asubuhi nikawa namkabidhi karani mpya namba yangu, na sikuondoka dirishani mpaka niione imekaa msumarini. Wenzangu nyuma walinung'unika kwamba nawacheleweshea foleni. Niliwaacha wanung'unike.

Na kitabu? Hapo ndipo nilipojifunza kuandika kazini, mahali pasipo na meza, karatasi wala dakika. Nilitunga sentensi moja nikisukuma toroli, nikaisema kwa kila hatua mpaka ikakaa sawa. Toroli likija mbele yangu niliiacha, na ajabu ni kwamba niliikuta palepale nilipoiacha. Mchana nilipopanda kula niliandika nilichobeba, nikimwambia mwenzangu wa toroli, naandika, ukiona naitwa nami sisikii, nipige bega. Alinipiga bega mara nyingi, mara nyingine kwa chuki ya wazi. Sentensi zilikuwa chache kuliko zile za kibandani, na zilikuwa bora, kwa sababu zile mbovu zilidondoka njiani zenyewe.

Baada ya miaka miwili na ushei nilimfikisha Nkwabi mgodini. Akakutana na karani wa namba. Niliandika upepo, ukurasa, shaba na honi. Nilipofika kwenye kukusanya karatasi nikaruka, nikamfanya karani akimbie moja kwa moja kwenye reli. Sura ilikaa pale kama maiti. Niliisahihisha mara nne haikufufuka. Mara ya tano nikaandika ilivyokuwa, na mkono haukusita hata kidogo.

Wakati huo Mzee Luhende alikuwa amerudi Samuye kwa ng'ombe wake. Nilimfuata. Nilimkuta uani, Mama Shija anapura mtama. Nikaketi upande wa kulia, nikasoma kwa sauti kubwa. Nilipofikia mahali pale sikuparuka, nikasoma kila neno. Mama Shija akaacha kupura.

Mzee Luhende aliinama, akalisogeza sikio la kulia karibu nami. Kisha akaniuliza kama hiyo ni habari ya karani wa Nkwabi.

"Hapana, Mzee," nikasema. "Ni habari yangu."

Mama Shija aliinuka akaingia ndani, hakutoka tena mpaka naondoka. Ilipita zaidi ya mwaka kabla hajaniandalia chakula, na sikumlaumu. Mzee alishika sikio lake la kushoto, akalisugua kidogo kama lilikuwa linawasha. Nilingoja anifukuze.

"Pasome tena hapo," alisema. "Nasikia kwa sikio moja, nataka nipasikie vizuri."

Nikapasoma tena. Machozi yalinitoka nikiwa nasoma, sikuyafuta.

"Usipafute," akasema. "Pengine pote ni hadithi."

Kitabu kile kilichapwa miaka mingi baadaye, kitabu chembamba, nawe ulikisoma ukiwa shule. Ulikuja ukaniambia kwamba sura ya karani ndiyo iliyokupendeza, kwa vile nilivyoibuni vizuri. Nilikushukuru. Sikuibuni, mwanangu. Mzee Luhende amekwisha kufariki, kwa uzee, kitandani kwake, na nilikuwa kati ya waliombeba.

Sasa nasaha, maana uliuliza swali na mimi nimekupeleka mbali.

Andika kazini. Anayekwambia uache mpaka upate nafasi anakwambia usiandike, kwa sababu nafasi haiji, huchukuliwa vipandevipande. Tunga kichwani wakati mikono inaosha vyombo vya dawa na kukunja mashuka. Kichwa hakina zamu. Daftari lisiwe siri. Mwambie muuguzi mwenzako kwamba unaandika, akuite kwa jina ukipotea, maana kitu unachokificha ndicho utakachokikimbilia kwanza siku ya hatari. Mimi sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa na kitu shatini.

Usiandike kwa mkono mmoja ukihudumu kwa mwingine. Mtu akija, weka kalamu chini na umwangalie usoni, hata kama anataka maji tu, hata kama ndiye yuleyule aliyekuja mara kumi. Utaona uchungu kuikata sentensi katikati. Ikate. Usije ukajiambia "nimalize kwanza hii," kwa sababu hayo ndiyo maneno niliyoyasema mimi, na sijayasema tena tangu siku ile. Sentensi nzuri utaikuta. Ikiwa hukuikuta, haikuwa nzuri.

Na likitokea kosa, maana wewe ni mtu na zamu ni ndefu, gonga reli kwanza. Ya karatasi yatajulikana baadaye. Kisha, utakapoandika, usiruke mahali panapokutia haya. Msomaji wako hajawahi kufika Nkome, lakini pale uliporuka atapaona.

Haya, mwanangu. Mkono umechoka na miwani yenyewe imefungwa uzi. Mungu wa baba zako akupe maneno yasiyokauka na moyo wa kuyaacha pale unapoitwa. Akipe kitabu chako mwisho, na akupe wewe usingizi baada ya kukimaliza. Na kila utakapoinua macho kutoka daftarini, akujalie umkute mgonjwa wako bado anapumua. Amina.